Walivyoniita Gowedi

Darasa la tano, Korogwe, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, mwalimu wa Kiingereza kaingia na rundo la madaftari kwapani na lile tabasamu ambalo sisi tulishalijua maana yake. Tulikuwa tumeandika sentensi kumi kuhusu Jumapili yetu na mi za kwangu nilizianza kwa mbwembwe zote, Yesterday I goed to the river with my brother. Akaisoma kwa sauti. Akarudia ile goed mara tatu, kila mara anaivuta zaidi, go-we-di, darasa zima likaangua kicheko mpaka watoto wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani, afu nkala viboko vinne vya mkononi, na kuanzia siku ile mpaka namaliza la saba jina langu likawa Gowedi. Mpaka leo kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja kuna watu wazima na heshima zao, wengine wanaozesha mabinti, hawanijui kwa jina lingine.

Na nilichokuwa nimefanya ni hesabu tu jamani. Wiki nzima tuliimba ubaoni walk walked, play played, wash washed, cook cooked, sasa mtoto mwenye akili timamu ukimpa go atakupa nini?

Yakaisha, nikakua, nikajifunza kusema went bila kufikiri. Sasa mwezi uliopita dada yangu kaniletea mwanae wa darasa la tatu akae kwangu likizo, na kaja na hom-weki, maana hizi shule za siku hizi hata likizo hazimwachi mtoto apumue. Usiku tumekaa mezani nakagua daftari lake nikaiona. We goed to Bagamoyo. Nikacheka peke yangu kama chizi. Nikamwambia hapa andika went, akafuta, akaandika, akaiangalia, afu akaniuliza, "Anko, sasa hii went imetokea wapi, mbona haina hata herufi moja ya go?"

Nikakaa kimya. Ni swali ambalo mimi nilistahili kuliuliza miaka thelathini iliyopita badala ya kunyoosha mkono nichapwe. Nikamwambia ngoja nikutafutie, na hapo ndo nikaingia shimoni, wiki mbili nzima nasoma habari za kitenzi kimoja cha watu.

Basi iko hivi. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066 na kuanza kuwatawala Waingereza, kilikuwa na kitenzi gān, ambacho ndo go ya leo. Ndugu zake wapo mpaka sasa, Waholanzi wanasema gaan, Wajerumani gehen. Ila tangu enzi hizo hakikuwa na wakati uliopita wa kwake mwenyewe. Ukitaka kusema alikwenda ulisema ēode, neno la mzizi mwingine kabisa, halina damu moja na gān. Yaani hata kabla ya went kutia mguu pale, go ilikuwa tayari inavaa nguo za kuazima.

Pembeni kulikuwa na kitenzi kingine kinajitegemea, wendan. Hiki kilitokana na windan, ambayo ni kuzunguka, kujipinda, ndo ile wind ya kuzungusha saa na barabara inayokata kona. Sasa windan ni kuzunguka na wendan ni kuzungusha, kugeuza. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kubadili mkia wa neno, zunguka zungusha, rudi rudisha. Wao wa kale waliifanya kwa kubadili irabu ya katikati, na mabaki yake bado yapo ukiangalia vizuri: sit ni kukaa na set ni kuketisha kitu mahali pake, fall ni kuanguka na fell ni kuangusha mti. Kwa hiyo wend mwanzoni ilikuwa ni kugeuza, ikaja kuwa kugeuza hatua zako kuelekea mahali, na kidogo kidogo ile habari ya kugeuza ikafifia ikabaki kwenda tu.

Wakati uliopita wa wend ulikuwa nini? Iweke kwenye foleni na wenzake. Send, sent. Bend, bent. Lend, lent. Spend, spent. Wend...

Went! Kumbe went ni neno lenye adabu zake kabisa, lina ndugu zake, lina kanuni yake, shida ni kwamba tunalikuta kwenye nyumba ambayo si ya kwao. Ile ēode ilichakaa, ikatamkwa hivi na vile, yede, yode, mwisho watu wakaichoka, na kufikia miaka ya 1500 huku kusini mwa Uingereza go ilikuwa imeshaichukua went moja kwa moja. Wend ikabaki uchi, ikabidi ijitengenezee nguo mpya, wended, na leo hata hiyo huikuti ila kwenye maneno ya kishairi, mtu ana-wend his way. Alieazimisha shati ndo kabaki kifua wazi, na alieazima anatembea nalo mjini karne ya sita sasa.

Kilichonikuna roho zaidi ni Waskoti. Wao hawakutaka habari za went. Kwao go ni gae, na alikwenda wakaiweka gaed. Gae, gaed! Robert Burns, mshairi wao mkubwa wa karne ya 18, katumia gaed kwenye mashairi yake na hakuna mtu aliyemnyooshea kiboko. Mi nilizaliwa Korogwe badala ya Ayrshire kwao Burns, basi.

Nikairusha hiyo kwenye lile grupu la shule, nikijua nitasafishwa jina. Badala yake jamaa mmoja akaja juu kabisa, "Gowedi acha kudanganya watu, went ni kwenda, Wazungu wametuibia, angalia mwenyewe, wend – enda, kwenda – went." Ndani ya dakika tano ilikuwa na vidole gumba kumi na nne na mtu mwingine keshaiforwadi kwenye grupu la kanisa.

Na nakiri kwamba kwa siku kama mbili hivi hata mi ilinisumbua, maana zinafanana mno. Lakini ukitaka kujua maneno mawili ni ndugu usiangalie sura za leo, kawaulize babu zao. Wend ukirudi nyuma unafika kwenye wind, kujipinda. Enda ukirudi nyuma unafika kwa majirani zetu: Muganda anasema okugenda, Mnyarwanda na Mrundi wanasema kugenda, wasemaji wa Kilingala wana kende. G ilikuwepo, sisi wa pwani tuliimeza njiani. Na sio hapo tu, Muganda kusema ni okugamba, kwetu imebaki amba, ndo ile ya kumwambia mtu. Genda enda, gamba amba. Halafu shuka mpaka Zimbabwe, Mshona naye anasema kuenda kama sisi. Hilo ni neno la Kibantu toka kichwani hadi miguuni, halijawahi kuonana na Mwingereza mpaka alipokuja na meli. Kufanana kwao na went ni kama wewe kufanana na mtu uliyekutana naye Kariakoo, mnacheka, mnapiga selfi, kila mtu anarudi kwao. Nikayaandika haya yote kwenye grupu. Vidole gumba viwili, kimoja cha mke wangu ambaye sijui hata aliingiaje humo.

Sasa turudi kwenye swali la mpwa wangu maana lina upande wa pili ambao mi naona ndo mtamu. Sawa, went imetoka kwa wend, lakini kwa nini miaka mia tano yote hii hakuna aliyeirekebisha? Mbona vitenzi vingine vilirekebishwa? Help zamani ilikuwa korofi, alisaidia ilikuwa holp, leo ni helped kama kawaida.

Mwaka 2007 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Erez Lieberman na wenzake wa Harvard, walikusanya vitenzi korofi vya Kiingereza cha kale wakapata 177, wakavifuatilia mpaka leo. Kufikia Kiingereza cha enzi za kati vilivyobaki na ukorofi wao ni 145, leo ni 98. Na wakagundua kwamba vinanyooka kwa mpangilio kabisa, kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya mwenzake kinanyooka mara 10 haraka zaidi. Kwa maneno mengine neno lisilosemwa mara kwa mara linasahaulika lilivyokuwa, mtu akilihitaji anapachika tu -ed anaendelea na safari. Lakini go, be, have, do, say, hizi mtoto kazisikia maelfu ya mara kabla hajajua hata kuna kitu kinaitwa kanuni. Hazipewi nafasi ya kusahaulika. Ni kama yule mzee wa mtaani mwenye tabia zake za ajabu, kwa kuwa kila siku asubuhi mnapishana naye mmeshamzoea, angekuwa mgeni angeitiwa mjumbe.

Na watoto wa Kiingereza wenyewe, wa London huko, wanasema goed. Tena wanaanza kwa kusema went vizuri tu wakiwa wadogo kabisa kwa sababu wanaiga kama kasuku, afu wakifika miaka mitatu minne hivi ghafla wanaanza goed, comed, eated, mzazi anadhani mtoto anarudi nyuma. Harudi nyuma. Kaigundua kanuni, hakuna aliyemfundisha, kaiona mwenyewe, sasa anaitumia kila mahali. Baadae anajifunza kwamba kuna wakubwa wasioguswa. Kwa hiyo siku ile kipindi cha baada ya mapumziko mi nilikuwa nimefika hatua ile ile anayofika kila mtoto anayejifunza lugha ile, na malipo yake yakawa vinne.

Tusijione wasafi lakini. Chukua Kiswahili, amri ni rahisi kama maji, soma, lala, fagia, kimbia, na vile vifupi vya kula na kunywa vinabaki na ku yao, hakuna tabu. Vitatu ndo vina kiburi: enda inakuwa nenda, ja inakuwa njoo, leta inakuwa lete, ingawa hiyo leta nayo siku hizi unaisikia. Kwenda, kuja, kuleta. Ingia nyumba yoyote yenye watoto usikilize, si ndo maneno yanayotoka kutwa nzima? Njoo hapa, lete hicho, nenda kule. Kulikuwa na kijana wa Kijerumani anajitolea kwenye kituo cha watoto mtaani kwetu, siku moja anawafukuza watoto watoke barabarani anapiga kelele "Enda! Enda!" na mmoja anamwita "Ja hapa!" Watoto wakagaragara chini kwa kicheko, na mi nilikuwa nimesimama dukani nikacheka mpaka machozi, nimefika nyumbani navua viatu ndo nkakumbuka. Kijana wa watu kafanya hesabu, kaambiwa toa ku bakiza kitenzi, katoa. Yule alikuwa Gowedi mwenzangu.

Kitenzi hiki cha kwenda nadhani kina matatizo dunia nzima. Mfaransa ukimuuliza kwenda ni nini anakwambia aller, haya sema naenda, je vais, sema nitaenda, j'irai, yaani neno moja lenye vichwa vitatu. Mhispania ndo kachekesha zaidi, kwake fui ni nilikwenda na fui hiyo hiyo ni nilikuwa, unaangalia mwenyewe kwenye sentensi. Kabla hujamcheka Mhispania angalia tena Kiingereza, maana went haikutosha, wameazima na kwingine. He has gone to Zanzibar maana yake yuko huko bado hajarudi, akisharudi ni he has been to Zanzibar, been ya kuwa, imepewa kazi ya kwenda. Hili linatutesa sana sisi, unamsikia mtu kwenye intavyuu anasema I have gone to Zanzibar three times na yuko mbele yako kakaa kwenye kiti. Kwa Kiswahili tungesema nimeshafika Zanzibar mara tatu, tunatumia kufika, tatizo linaisha.

Hapo bado hatujagusa maana zake, na hapo ndo utachoka. Kengele ina-go, taa ina-go, maziwa yana-go, mtu ana-go bankrupt. Ila kuna kitu kimoja ukikiangalia kinapendeza. Go ikitumika kwa maana ya kugeuka kuwa hali fulani, mara nyingi hali yenyewe ni mbaya: go bad, go sour, go blind, go mad, go bald. Mambo mazuri yanakuja: ndoto come true, kitu kinakuwa hai kina-come alive. Ni kama kwamba hapa tulipo ndo pazima na kila kinachoondoka hapa kinaelekea kuharibika. Nikajiuliza kama sisi tunayo hiyo, na we msomaji jiulize kabla hujaendelea.

Mwendawazimu. Liangalie neno lenyewe, mtu aliyekwenda wazimu. Halafu sikiliza watu wa bahari, chombo kinakwenda mrama kikiyumba, kinakwenda tenge kikilala upande, tiara ikikatika uzi imekwenda arijojo, na sisi wa nchi kavu tukayachukua yote tukayapakia kwenye maisha, ndoa imekwenda mrama, mipango imekwenda kombo. Mambo yakiharibika, kwetu nasi yamekwenda. Sitaki kudai kwamba kuja ndo kuzuri maana mtu akikasirika kwetu anakuja juu, kama yule jamaa wa kwenye grupu.

Ila kuna go moja sitaisahau. Kampuni fulani niliyofanyia kazi miaka ile, sitaitaja, walikuwa wanapunguza watu, nikaitwa ofisini nikapewa barua ya Kiingereza kizuri sana chenye sentensi we have to let you go. Let you go. Kukuruhusu uende. Nikaisoma mara mbili nikajiuliza mi niliomba ruhusa lini. Kiswahili hapo kingesema tumekupunguza, au tumekuachisha kazi, kinauma lakini kinakutazama usoni. Ile ya kwao inakufanya uonekane ulikuwa umekaa mlangoni na begi unawasihi wakufungulie. Nikasema thank you. Nilisema thank you jamani, na nikaenda zangu.

Hiyo zangu nayo, hebu isimamie kidogo. Naenda zangu, nenda zako, akaenda zake, twende zetu mpaka ikawa twenzetu. Kiingereza cha kila siku kinapata tabu kupata cha kuweka hapo. Ukisema akaenda, kaenda mahali. Ukisema akaenda zake, mambo yamekwisha kati yake na waliobaki. Aliyefariki nae ukimwita mwendazake kila mtu anakuelewa.

Vitoto vya go vimejificha kila kona. Ago, ile ya three days ago, zamani ilikuwa agone, yaani iliyokwenda, siku tatu zilizokwenda, kama sisi tunavyosema zilizopita. Gang nayo imo ukoo huo wa kwenda, mwanzo ilikuwa safari, mwendo, ikaja kuwa vitu vinavyokwenda pamoja, ikaja kuwa watu wanaokwenda pamoja, kundi la vibarua, baadae la wahuni. Na kutoka gang ndo tukapata genge, kama tulivyopata benki na begi. Kwa hiyo ukisikia genge la wezi, ndani yake kuna mtu anatembea.

Sasa nifike kwa emsii. Tanzania hii ukienda harusi, kikao, uzinduzi wa kisima, lazima usikie "sasa tunakwenda kumkaribisha", "tunakwenda kushuhudia", wanasiasa ndo usiseme, tunakwenda kujenga, tunakwenda kuimarisha. Walinzi wa lugha wanachukia, wanasema hiyo ni going to iliyovalishwa kanzu. Na kweli inafanana. Lakini nilipofuatilia going to yenyewe nikakuta nayo ilianza kwa miguu. Ukimkuta mtu njiani ukamuuliza unakwenda wapi, akakujibu nakwenda kununua chumvi, hapo kuna vitu viwili, anatembea, na ana nia ambayo bado haijatimia. Siku moja kutembea kunadondoka, nia inabaki. Kuna maandishi ya Kiingereza ya mnamo 1482, habari za maono ya mtawa, humo kuna roho iliyoshikwa na maadui zake was going to be brought into hell. Sasa hapo roho inakokotwa njiani kuelekea motoni, au iko karibu kutiwa motoni? Yote mawili! Ndo mahali penyewe lugha ilipogeukia, unaiona ikiwa imeinua mguu mmoja. Kufikia 1646 mwalimu mmoja anaitwa Joshua Poole kaandika kwenye kitabu chake cha sarufi kwamba going to ni alama ya wakati ujao, mchezo umeisha. Mfaransa kapita njia hiyo hiyo, je vais manger, Mhispania voy a comer. Ni njia iliyokanyagwa na wengi, hata bila Mwingereza tungeweza kuipita wenyewe.

Kwa hiyo mi sina ugomvi na emsii. Ninagomba nae pale tu anaposema "ndugu wageni, sasa tunakwenda kukaa" na sisi tumekaa toka saa nane tunasubiri pilau.

Na tusisahau kwamba ta yetu yenyewe ina historia. Nitakwenda, utakuja, ile ta ni taka iliyokatwa mkia. Usipoamini angalia inavyotokeza ukiipachika -ye au -o, atakayekuja, watakaofika, ile ka imerudi, ni taka nzima imekaa pale. Nitakwenda zamani ilikuwa nataka kwenda. Na will ya Waingereza? Willan, kutaka! Ndo maana wosia wa marehemu unaitwa will, ni matakwa yake. Watu wawili hawajawahi kuonana, mmoja kwenye ukungu kule na mwingine chini ya mnazi, wote wanatazama kesho wanasema nataka. Hii ndo niliyotaka lile grupu liirushe kila mahali, lakini haina wizi ndani yake kwa hiyo haikufika mbali.

Kingine kidogo, kwa ajili ya mama zetu. Kuna ka ambayo inabeba kwenda ndani yake bila kulitaja. Ukimwambia mtoto lala, analala pale alipo. Ukimwambia kalale, lazima ainuke. Kalete maji, kafunge mlango, kamwite baba yako. Silabi moja, safari nzima. Mwingereza mara nyingi anahitaji go and.

Basi juzi usiku nikamkalisha mpwa wangu mezani na karatasi, nikamchorea yote, wend huku, go kule, send sent, bend bent, Waskoti na gaed yao, nikamsimulia na viboko. Nusu saa nzima. Kasikiliza kwa makini sana, mkono shavuni, nikasema huyu mtoto ananifuata. Nilipomaliza kachukua penseli akakoleza ile went aliyokuwa ameiandika, afu akaniangalia.

"Na sisi anko, kwa nini tunasema nenda na sio enda?"

Nikaangalia saa ukutani, saa nne kasoro.

"Kakojoe ukalale."

Akafunga daftari, akaenda zake.